Notmuch, mu au mairix: ulinganisho wa zana za kutafuta barua pepe kwa namna zinavyopokea vigeu vya mazingira

Ofisi nyingi za uhasibu, za mawakili na za mashirika ya kijamii nchini Uganda zina barua pepe ambazo hazipaswi kupotea. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5 baada ya kumalizika kwa kipindi cha kodi kinachohusika, na sehemu ya kumbukumbu hizo siku hizi ni ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato), barua za mamlaka ya mapato na mawasiliano na wateja, vyote vikiwa vimekaa ndani ya kisanduku cha barua. Kuvitafuta kwa kivinjari kunahitaji mtandao kila mara, na mtandao wenyewe una gharama: data imewekewa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na mwezi Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye barua zake zote ndani ya kompyuta yake, zikiwa zimetengenezewa faharasa, hukipata anachokitafuta hata pasipo mtandao.

Zana tatu za mstari wa amri hufanya kazi hiyo vizuri kwenye Linux: notmuch, iliyoanzishwa na Carl Worth, mu, ya Dirk-Jan Binnema, na mairix, ya Richard Curnow. Hakuna hata moja inayopakua barua kutoka kwenye seva. Kazi hiyo huachiwa programu kama mbsync au OfflineIMAP, ambazo huziweka barua katika mfumo wa Maildir, yaani kila barua na faili lake. Notmuch na mu hutumia injini ileile ya utafutaji, Xapian, kwa hiyo sioni kasi kuwa sababu nzito ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Kinachozitofautisha katika matumizi ya kila siku ni namna ya kuzieleza barua ziko wapi, faharasa ikae wapi, na ni kundi gani la barua litafutwe kwa wakati huu. Hayo ndiyo mambo ambayo vigeu vya mazingira huyaamua.

Kigeu cha mazingira ni jina lililopewa thamani ndani ya kikao cha amri, na kila programu inayoanzishwa kutoka kikao hicho hulirithi jina hilo pamoja na thamani yake. Amri ya export ndiyo inayokifanya kigeu kirithiwe, na amri ya printenv hukionyesha. Kigeu kinaweza pia kuandikwa mbele ya amri moja tu, kikatumika kwa amri hiyo na kutoweka mara inapokwisha. Njia hii ya pili husahaulika, ingawa kwa maoni yangu ndiyo iliyo salama zaidi, na nitairudia hapa chini.

Kabla ya kuzilinganisha zana zenyewe, niseme wazi kipimo ninachotumia. Usanidi una maswali ya aina mbili. La kwanza ni swali la «lipi?»: hifadhidata ipi, faili lipi la usanidi, kisanduku cha nani. La pili ni swali la «vipi?»: barua mpya zipewe lebo gani, anwani zipi ni zangu, barua taka zifichwe au zionyeshwe. Kigeu cha mazingira kinalifaa swali la kwanza kwa sababu ni kifupi, hubadilika kwa urahisi na kinaweza kutofautiana kati ya kikao na kikao. Swali la pili linafaa kujibiwa ndani ya faili, ambalo linaweza kusomwa tena mwakani, kunakiliwa kwa mwenzako na kuwekwa kwenye nakala rudufu. Zana ninayoipendekeza kwa ofisi ni ile inayoheshimu mgawanyo huo.

Notmuch: milango mingi, na kila mlango una utaratibu wake

Notmuch ndiyo yenye vigeu vingi kuliko zote tatu. NOTMUCH_CONFIG hutaja faili la usanidi. NOTMUCH_DATABASE hutaja folda yenye hifadhidata. NOTMUCH_PROFILE hutaja jina la wasifu, yaani seti nzima ya usanidi inayojitegemea. MAILDIR hutazamwa iwapo mahali pengine hapakusema hifadhidata iko wapi. Wakati wa kuandaa usanidi kwa mara ya kwanza, NAME na EMAIL hutumika kupata jina na anwani ya mwenye kisanduku ikiwa faili halikuzitaja.

Wingi huu ungekuwa vurugu kama kusingekuwa na utaratibu wa nani anatangulia, lakini upo, na inafaa kuujua kwa moyo. Kwa faili la usanidi, chaguo la --config linaloandikwa kwenye amri yenyewe hushinda kila kitu. Kisha hufuata NOTMUCH_CONFIG. Kisha faili lililo ndani ya ~/.config/notmuch/ katika folda yenye jina la wasifu, au folda iitwayo default ikiwa wasifu haukutajwa; na mwisho faili la zamani la ~/.notmuch-config, likiwa na nukta na jina la wasifu nyuma yake pale wasifu unapokuwapo. Kwa hifadhidata, NOTMUCH_DATABASE hutangulia, kisha thamani ya database.path iliyo ndani ya faili la usanidi, kisha folda ya wasifu ndani ya ~/.local/share/notmuch/, kisha MAILDIR, na hatimaye folda ya mail iliyo nyumbani kwa mtumiaji. Utaratibu huu umepanuliwa hivyo tangu toleo la 0.32 la mwaka 2021. Kompyuta ya ofisi iliyobaki na toleo la kabla ya hapo haitakuwa na yote niliyoyataja, na ni busara kuendesha notmuch --version kabla ya kufuata maelezo yoyote, haya yakiwamo.

Faida kubwa iko kwenye wasifu. Chukua ofisi ya uhasibu iliyoko Kampala inayotunza barua zake za ndani kando na barua za kodi za wateja, ambazo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na hazipaswi kuchanganyika na mazungumzo ya kawaida. Kwa kila kundi hutengenezwa wasifu wake, na ndani ya faili la kila wasifu huandikwa database.path, anwani zinazohusika na lebo za barua mpya. Baada ya hapo mtu haandiki njia ndefu za mafaili tena. Anachohitaji ni majina mawili mafupi ya amri, yanayowekwa kwenye ~/.bashrc, faili ambalo Bash, yaani mfasiri wa amri, hulisoma kikao kinapoanza:

alias kodi='NOTMUCH_PROFILE=kodi notmuch'
alias ofisi='NOTMUCH_PROFILE=ofisi notmuch'

Tangu hapo, anayetaka ankara za mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni huandika hivi:

kodi search subject:EFRIS date:2024-07-01..2025-06-30

Katika mpango huu kigeu hakikuwekwa kwa export. Kinaishi ndani ya amri moja na kuondoka nayo, kwa hiyo hakuna hatari ya mtu kuwa amesahau asubuhi yuko wasifu gani, kisha jioni akaweka lebo ya «imelipwa» kwenye barua za kundi lisilohusika. Hatari hiyo ni ya kweli kwa notmuch kuliko kwa wenzake, kwa sababu lebo za notmuch zimo ndani ya hifadhidata yenyewe, na kazi ya wiki nzima ya kupanga barua inaweza kuingia mahali pasipo pake bila onyo lolote.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi NOTMUCH_DATABASE kwa matumizi ya kawaida. Kigeu hicho hushinda database.path, maana yake ni kwamba programu inaweza kusoma anwani na lebo kutoka kwenye faili la wasifu mmoja huku ikiandika ndani ya hifadhidata ya wasifu mwingine. Kina kazi yake halali, nayo ni kufungua nakala rudufu iliyoko kwenye diski ya nje kwa muda mfupi ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Vilevile, aliyeweka NOTMUCH_CONFIG kwenye ~/.profile miaka iliyopita na sasa anataka kuhamia kwenye wasifu ni lazima akiondoe kwanza, kwani faili litakalosomwa litaendelea kuwa lile lililotajwa na NOTMUCH_CONFIG hata kama jina la wasifu limebadilishwa mara ngapi.

Kipo pia NOTMUCH_DEBUG_QUERY, ambacho kikipewa thamani yoyote huifanya notmuch ichapishe swali lilivyotafsiriwa kabla ya kupelekwa kwa Xapian. Mfanyakazi mwenzako anapolalamika kwamba barua ipo lakini haionekani, andika NOTMUCH_DEBUG_QUERY=1 mbele ya amri yake na usome kilichotoka; mara nyingi utagundua kwamba mabano au alama za kunukuu zilimezwa na mfasiri wa amri kabla notmuch haijaziona.

Mu: kigeu kimoja kinachobeba karibu kila kitu

Mu imechagua njia tofauti. Kigeu chake kikuu ni MUHOME, ambacho hutaja folda moja ya kuwekea hifadhidata na kumbukumbu za utendaji. Chaguo la --muhome kwenye amri hufanya kazi hiyohiyo na hushinda kigeu pale vyote viwili vinapokuwapo. Pasipo kutaja chochote, mu huiweka hifadhidata yake ndani ya ~/.cache/mu. Kipo pia NO_COLOR, kinachozima rangi kwenye matokeo, nacho husaidia sana pale matokeo yanapoelekezwa kwenye faili au kwenye skripti nyingine.

Jambo ambalo anayetoka notmuch huchelewa kulielewa ni kwamba mu hukumbuka. Amri ya mu init ndiyo inayosoma mahali pa barua, ama kutoka kwenye chaguo la --maildir, ama kutoka kwenye kigeu cha MAILDIR, ama kwa kudhania ~/Maildir ikiwa folda hiyo ipo. Na ikishaijua huiandika ndani ya hifadhidata pamoja na anwani zako ulizozitaja kwa --my-address. Tangu hapo, kubadilisha MAILDIR hakubadilishi chochote kwa hifadhidata iliyokwisha kutengenezwa. Unapaswa kuendesha mu init upya, kisha mu index. Watu wawili wanaweza kutazama kigeu kilekile na kutarajia mambo mawili tofauti: wa notmuch aliyekitegemea atakuta programu inatazama mahali papya mara moja, wa mu atakuta hakuna kilichobadilika.

Je, huu ni upungufu? Kwa mtu mmoja mwenye kisanduku kimoja, naona ni faida. Mazingira ya kikao yanaweza kuvurugika, ~/.bashrc inaweza kupotea wakati wa kubadilisha kompyuta, lakini hifadhidata inajua inakotoka na haitaanza ghafla kusoma folda nyingine. Kwa ofisi yenye makundi kadhaa, bado inawezekana kuwa na folda kadhaa na kuchagua mojawapo:

MUHOME=$HOME/faharasa/kodi mu find subject:EFRIS date:2024-07-01..2025-06-30

Hata hivyo usanidi wa mu hauko kwenye faili la maandishi ambalo mwenzako anaweza kulifungua na kulisoma. Umo ndani ya hifadhidata, na ili kuujua ni lazima uendeshe mu info ukiwa umeielekeza kwenye folda sahihi. Mkaguzi anapouliza ni barua za anwani zipi zimo katika kundi la kodi, wa notmuch humwonyesha faili la maandishi, wa mu humwonyesha matokeo ya amri. Tofauti ni ndogo kwa mtaalamu, lakini kwa ofisi ambayo fundi wake hufika mara chache, mimi naihesabu kuwa kubwa.

Mahali pa kawaida pa hifadhidata ya mu panahitaji uangalifu wa pekee. Folda ya ~/.cache ni ya vitu vinavyoweza kufutwa, na programu za kusafisha diski huifuta bila kuuliza. Mu haipotezi kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena, mradi huweki lebo ndani ya hifadhidata yake, lakini kujenga upya faharasa ya barua za miaka 5 kwenye kompyuta ya zamani huchukua muda, na umeme unaweza kukatika katikati. Kwa hiyo anayechagua mu na awe na mazoea ya kuweka MUHOME nje ya ~/.cache tangu siku ya kwanza, hata kama ana kisanduku kimoja tu.

Mairix: faili linaloviita vigeu

Mairix haina kigeu chake yenyewe cha kutaja hifadhidata. Husoma ~/.mairixrc, au faili jingine lolote linalotajwa kwa -f. Lakini ndani ya faili hilo, upande wa kulia wa alama ya usawa, inaruhusiwa kuandika jina la kigeu chochote kwa alama ya dola, nalo hujazwa thamani yake wakati programu inapoanza. Mwenye ofisi huweza kuandika:

base=$BARUA
maildir=kodi...
mfolder=matokeo
mformat=maildir
database=$BARUA/.faharasa-kodi

Hapa kigeu kimebuniwa na mtumiaji mwenyewe, na faili ndilo linaloamua kitumike wapi. Huu ni mpango mzuri kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu faili moja linaweza kunakiliwa kwenye kompyuta ya Kampala na ya Gulu bila kubadilishwa hata herufi moja, huku kila kompyuta ikieleza yenyewe barua ziko kwenye diski gani. Nukta tatu baada ya jina la folda humaanisha kwamba folda ndogo zilizo ndani yake zisomwe pia. Matokeo hayachapishwi kama orodha. Hutengenezwa folda mpya, iliyotajwa na mfolder, ambamo kila barua iliyopatikana huwekewa kiungo kinachoelekea kwenye barua halisi, na mtu huifungua kwa programu yoyote ya kusomea barua.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama mairix kwa heshima, nayo inawahusu wanaoandikiana kwa Kiswahili au kwa Luganda. Notmuch hurudisha maneno kwenye mizizi kwa kanuni za Kiingereza, na alama yake ya nyota hufanya kazi mwishoni mwa neno tu. Nyota ya mu nayo ni ya mwishoni. Kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele. Anayetafuta lipa* atakosa nimelipa, hajalipa na watalipa. Kwa mairix, alama ya usawa baada ya neno huagiza kutafuta maneno yote yanayoibeba sehemu hiyo popote, hivyo amri hii inayatazama mada na mwili wa barua kwa pamoja:

mairix bs:lipa=

Notmuch na mu zina njia ya kutafuta kwa ruwaza ndani ya mistari miwili ya mshazari, kwa mfano subject:/lipa/, lakini kwa notmuch ruwaza hiyo inafaa kwa sehemu kama mada na mtumaji, haifiki kwenye mwili wa barua. Ofisi ambayo mawasiliano yake mengi na wateja ni ya Kiswahili inapaswa kulipima jambo hili kabla ya idadi ya vigeu, kwani usanidi bora wa programu isiyoipata barua hauna kazi.

Mitego inayozipata zote tatu

Anayeweka vigeu vyake ndani ya ~/.bashrc hugundua baadaye kwamba kazi za usiku hazivioni. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi faili hilo wala ~/.profile, huanza na mazingira machache mno. Vigeu ni lazima viandikwe ndani ya crontab yenyewe, yaani faili la ratiba hiyo, juu ya mistari ya kazi:

NOTMUCH_PROFILE=kodi
*/30 * * * * notmuch new --quiet

Tena, ndani ya crontab upande wa kulia wa alama ya usawa haufasiriwi, kwa hiyo MUHOME=$HOME/faharasa/kodi haitafanya kazi pale kama inavyofanya kwenye Bash; njia kamili inayoanza na /home ndiyo inayotakiwa. Hali kama hiyo huwapata wanaofungua kihariri cha Emacs kwa kubofya ikoni, wakatumia ndani yake mu4e, kiolesura cha mu, au kiolesura cha notmuch: programu iliyoanzishwa na mazingira ya picha hairithi yaliyowekwa kwenye ~/.bashrc. Kwenye mifumo inayotumia systemd, faili lenye mwisho wa .conf ndani ya ~/.config/environment.d/ hulitatua jambo hili kwa huduma za mtumiaji, ingawa ni vyema kutoka na kuingia upya kabla ya kulipima.

Alama ya ~ ndani ya alama za kunukuu haifunguliwi na Bash. Programu hupokea alama yenyewe badala ya njia ya nyumbani. Andika $HOME. Na sudo, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi, kwa kawaida huyafuta mazingira ya mtumiaji, hivyo fundi anayeendesha nakala rudufu kwa sudo asishangae programu ikisema haioni hifadhidata.

Majina ya jumla nayo yana gharama. EMAIL na MAILDIR hayasomwi na zana hizi peke yake. Git, kwa mfano, hutumia EMAIL pale ambapo anwani haikuwekwa kwenye usanidi wake, na Mutt hutazama MAILDIR. Aliyeweka EMAIL ya ofisi kwa ajili ya notmuch anaweza kukuta kazi zake binafsi za programu zimesainiwa kwa anwani ya mwajiri. Vigeu vinavyoanza na jina la zana, kama vile vya NOTMUCH na MUHOME, havina tatizo hilo, na hiyo ni sababu tosha ya kuvipendelea.

Kuhusu siri, sina mashaka: nenosiri la kisanduku lisiwekwe kwenye kigeu cha mazingira. Zana hizi tatu hazilihitaji kabisa, kwa kuwa husoma mafaili yaliyokwisha kupakuliwa, lakini mbsync inalihitaji, na wengi huona ni rahisi kuliweka kando ya vigeu vingine. Kila programu inayoanzishwa hulirithi, na kwenye Linux mazingira ya programu inayoendeshwa yanaweza kusomwa kupitia /proc na mtumiaji yuleyule au msimamizi wa mfumo. Faili la mbsync lina kipengele cha PassCmd kinachoendesha amri ya kutoa nenosiri kutoka kwenye hifadhi iliyofungwa kwa GPG, programu ya usimbaji. Hicho ndicho kitumike. Folda za barua na za faharasa zenyewe zifungwe kwa chmod 700, ili mwenyewe tu azifungue, maana faharasa ya Xapian ina maneno ya barua za wateja hata kama barua zenyewe zimehamishwa.

Nani achague ipi

Ofisi yenye makundi mawili au zaidi ya barua, yenye kazi za usiku zinazojiendesha na watu zaidi ya mmoja wanaotumia kompyuta ileile, ichukue notmuch na iitumie kwa NOTMUCH_PROFILE peke yake, ikiviacha vigeu vingine vyote bila thamani. Nasema hivyo nikijua kwamba notmuch inadai jambo moja: lebo zitolewe nje mara kwa mara, kwa sababu hifadhidata ikiharibika zinapotea nazo. Kwa mfano wetu, amri ni hii:

kodi dump --gzip --output=$HOME/nakala/kodi-lebo.gz

Mtu binafsi mwenye kisanduku kimoja, ambaye hataki kufikiria usanidi baada ya siku ya kwanza, atahudumiwa vizuri zaidi na mu, kwa sharti lile la kuweka MUHOME nje ya ~/.cache. Mwalimu, mtafiti au mwandishi wa habari anayefanya kazi kwa laptopu moja yumo katika kundi hili, na uchache wa vigeu utamlinda.

Mairix naiacha kwa mwenye barua nyingi za zamani katika mifumo mchanganyiko, kwa kuwa inasoma mbox na MH pamoja na Maildir, na kwa ofisi ambayo lugha ya barua zake inadai utafutaji wa sehemu ya neno. Haina lebo, na matokeo ya utafutaji wa awali hufutwa utafutaji mpya unapoanza, isipokuwa ukitaja chaguo la -a.

Anayesita kati ya mbili za kwanza anaweza kuziendesha pamoja juu ya barua zilezile, kwani kila moja inatunza faharasa yake na hakuna inayohitaji barua zihamishwe. Sharti ni moja: notmuch, isipoambiwa vinginevyo, huoanisha lebo fulani na alama zilizo kwenye majina ya mafaili, hivyo kuondoa lebo ya unread kunaweza kubadilisha jina la faili, na mu italiona badiliko hilo baada ya mu index inayofuata tu. Kwa kipindi cha majaribio andika kodi config set maildir.synchronize_flags false, kisha uanze na kodi new na mu index baada ya kila upakuaji.